Watu Arobaini kwa Wimbo Mmoja

Siku ya kwanza kumsikia Musa akiimba nilikuwa juu ya ngazi, kichwa changu kimo ndani ya dari ya mkahawa wa tambi mtaa wa Naif, huku Uarabuni, nikimtafuta panya aliyetafuna waya wa kiyoyozi. Ilipotoka sauti ile jikoni, panya alijitokeza mwenyewe, akasimama kwa miguu miwili, akajisalimisha. Nje, magari kumi na saba yaliyoegeshwa yalipiga king'ora kwa pamoja. Mke wangu Swafiya anasema yalikuwa manne. Yeye hakuwapo.

Nikashuka, nikaingia jikoni. Nikamkuta mtu mfupi, kofia nyeupe ya sala kichwani, anachapa donge la unga juu ya meza, pa! pa! pa!, na kila pigo analifungulia kinywa. Nikamwuliza kwa Kiarabu cha kazini kama ameungua.

"Sijaungua, rafiki," akanijibu kwa Kiswahili. "Naimba."

Huyo ndiye Musa Sha, mpishi, Mwislamu wa mji wa Xi'an, jimbo la Shaanxi, huko China ya ndani. Kiswahili alikipata kwa wafanyabiashara wetu wanaokuja Naif kununua mizigo na kula kwake tambi pana kama mkanda wa suruali. Alijua kusalimia, kuomba punguzo na kulalamika kuhusu kontena lililochelewa, na kwa hayo matatu mtu anaweza kuishi na Waswahili miaka kumi na tisa bila kukwama.

Kabla ya hapo mimi nilidhani opera ya Kichina ni moja. Nilipomwambia hivyo, alijishika kichwa kwa mikono yenye unga.

"Moja? Kwani nyinyi taarabu yenu moja?"

Mkalishe mtu wa Unguja na mtu wa Mombasa meza moja, uwaulize taarabu ipi ndiyo taarabu, halafu uone kama chakula kitaliwa.

Basi akanifundisha, mwiko mkononi. Akaikaza sauti ikawa nyembamba, ndefu, kama uzi unaosukumwa kwenye tundu la sindano: hiyo ya Beijing, na wajuzi hukaa wamefumba macho, mwimbaji akimaliza pale pagumu wanapiga ukelele mmoja, "Hao!", yaani vizuri. Akajifanya analia ndani ya mikono ya joho lisilokuwapo: hiyo ya Shaoxing, upande wa Shanghai, wanawake peke yao, hata bwana harusi ni mwanamke, na huzuni yao laini kama hariri. Ya Guangdong wametia fidla na mpaka saksafoni. Ya Sichuan mwigizaji anabadili uso, mwekundu, wa kijani, mweusi, kufumba na kufumbua, na nyuma ya jukwaa kuna kundi linamdakia maneno.

"Na ya kwenu?"

"Yetu inaitwa Qinqiang." Aliitamka kama chin-chiang. "Kwetu kuna vilima vya udongo mkavu. Mtu akiimba kilima hiki, shemeji yake kilima cha pili lazima asikie. Ndiyo maana wenzetu wanasema sisi hatuimbi, tunanguruma." Akacheka, lakini nusu tu.

Juu ya jiko palikuwa na picha ya marehemu baba yake, kijana, kitambaa chekundu kimempita begani mpaka kiunoni, anacheka meno yote nje. Sikumwuliza habari zake. Wateja walipouliza niliwaambia ni siku ya harusi yake. Wengine niliwaambia alikuwa jemadari, na kitambaa kile alikivua kwa adui. Wateja wakazidi.

Urafiki ukaenda miaka. Mimi nikastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu kwenye viyoyozi vya watu, na kila alasiri nikawa natoka nyumbani Karama kwa metro kwenda kwa Musa kunywa chai na kusimulia. Nawajua Wachina wote wapenda opera wa mji huu kwa sababu ya meza ile. Wana chama chao, na kila mwaka, baada ya sikukuu yao ya majira ya kuchipua, wanakodi ukumbi Jumapili alasiri, wanavaa majoho, wanaimba. Mkuu wao ni Bi Shen, mwenye duka la mapazia, mtu wa ile opera ya hariri. Mwembamba, mnyoofu, hasahau jina la mtu wala kosa lake.

Kila mwaka Musa alikwenda kumwomba nafasi ya wimbo mmoja. Kila mwaka Bi Shen alitabasamu, akamwita Shifu, yaani fundi, akasema: "Mwaka ujao, Shifu Sha. Wageni wetu hawajazoea sauti kubwa."

Mwaka huu Musa akaniwekea bakuli la tambi, akakaa mbele yangu. Hajapata kukaa saa za kazi.

"Mkahawa unafungwa," akasema. "Jengo linavunjwa. Mwanangu ananiita nikalee wajukuu. Wiki tatu, khalas."

"Na onyesho lao?"

"Wiki mbili." Akafuta meza iliyokuwa safi. "Nimeshakwenda kwake. Kasema mwaka ujao."

Alitaka kuimba wimbo wa baba yake, mara moja tu, mbele ya watu waliokuja kusikiliza, si mbele ya masufuria. Miaka kumi na tisa, na mwaka ujao wenyewe hamna. Mimi nikazimaliza tambi zile, nikalipa, jambo ambalo halijapata kutokea.

Kesho yake nikaenda dukani kwa Bi Shen. Nilikuwa na kisingizio: kiyoyozi cha ukumbi wao nakitazama mimi kila mwaka, bure, kwa ajili ya Musa.

"Madam," nikamwambia, "watu wetu wa Zanzibar wamesikia habari za onyesho. Wanataka kuja."

"Zanzibar?" Macho yakamfunguka. Najua mwaka uliopita ukumbi wa viti mia tatu uliingia watu themanini, na ishirini kati yao walifuata baridi. "Wanajua opera yetu?"

Hapa ningeweza kusema hapana. Mdomo ukatangulia.

"Kuna chama, madam. Watu mia. Kila Ijumaa baada ya Alasiri wanakutana Mkunazini, kule kwetu, kusikiliza opera. Ila wao," nikashusha pumzi, "wao ni wa Shaanxi tu. Nyingine hawazitaki."

Akanipima kwa macho kama anayepima pazia. Nikamtazama na mimi. Uso wa fundi aliyekwisha kumwambia kafeel wake, yaani tajiri mdhamini wa kibali chake, kwamba kompresa imeliwa na ngamia hautetereki.

"Leta arobaini," akasema hatimaye. "Arobaini wakiwa kwenye viti kabla ya kuanza, Shifu Sha ataimba. Wa mwisho. Wimbo mmoja. Na wakae kimya, Mister Mahfudh. Hii ni sanaa, si soko. Wakileta fujo katikati ya wimbo nafunga pazia."

Musa nilipomwambia alinikumbatia, unga ukanijaa mpaka kwenye nyusi.

Sasa, watu arobaini wa kwenda kusikiliza opera ya Shaanxi unawatoa wapi? Nikaanza na Naif. Wafanyabiashara sita wa Dar na Tanga walikuwa wanangoja mzigo wao, hawana la kufanya ila kugombana na simu. Niliwaambia kutakuwa na Wachina wenye viwanda. Uongo mdogo, Bi Shen ana cherehani nane.

Kisha nikampigia Teresiah. Teresiah ni binti wa Kilifi, msimamizi wa timu ya usafi, anakaa na wenzake Muhaisnah, na sauti yake peke yake inaweza kulijaza basi la kampuni.

"Mzee Mahfudh, hiyo show ni ya aina gani?"

"Kuna mtu anabadili uso mbele yako. Mara sita. Bila kujigusa."

"Wacha uongo, mzee."

"Nikidanganya nife."

"Wewe ungekuwa umekufa kitambo." Nikamsikia anawageukia wenzake, kelele ikazuka. "Sawa. Jumapili tuko off. Tuko watu ishirini na wawili, na mimi ndani. Lakini kama huyo mtu hana sura sita, utatuoshea madirisha wewe."

Waliobaki niliwaachia Swafiya. Mke wangu anazijua nyumba zote za Wazanzibari wa Deira mpaka Mirdif: nani kaoza, nani kajifungua, nani hasemi na nani.

"Mama Muna," nikamwambia, "kuna shughuli ya Musa Jumapili. Lete wenzio kumi."

"Shughuli gani, baba Muna?"

Ningemweleza habari za Beijing na Shaoxing tungefika Jumapili hatujamaliza. "Taarabu," nikasema. "Taarabu ya Kichina."

Jumapili saa tisa na nusu alasiri niko mlangoni. Wa Naif wakaja, sita, wamevaa suti. Likaja basi la Muhaisnah, wakateremka ishirini na wawili wakiimba tayari. Mwisho yakaja magari mawili, na kabla milango haijafunguliwa nikasikia udi. Swafiya na wenzake kumi: Badriya, Kuruthum na wengine, hina mpaka kwenye viwiko, dhahabu, vikuba vya asumini vifuani, na kila mmoja kanga mpya mabegani. Wamevaa taarabu.

Bi Shen alisimama mlangoni, anahesabu vichwa kwa ncha ya kalamu.

"Thelathini na tisa."

"Na mimi."

"Wewe fundi. Fundi si mgeni."

Musa alikuwa nyuma yake, kavaa joho jeusi, uso umepakwa rangi, kashika kofia yake ya sala mkononi anaizungusha. Teresiah akanitazama, akamtazama Musa, akageuka akatoka mbio. Akarudi amemshika mkono dereva wa basi, Mpathani asiyejua neno la Kiswahili, ndevu mpaka kifuani, ndala miguuni, usingizi bado umo machoni.

Bi Shen akamtazama juu mpaka chini. "Huyu naye ni wa Zanzibar?"

"Pemba," nikasema.

Akaandika arobaini. Mabegi yote yakabaki kwa mlinzi, ndiyo sheria ya ukumbi. Watu walipokwisha kukaa, Bi Shen akapanda jukwaani, akasema maneno kwa Kichina, kisha kwa Kiingereza, haraka na kwa sauti ndogo: simu zizimwe, watu wabaki kwenye viti, hapana kelele wakati wa kuimba. Akina mama wakanigeukia.

"Kasemaje?"

Mngekuwa mimi mngesemaje? Wamefukiza udi tangu asubuhi. "Kasema karibuni sana," nikawaambia. "Mjione nyumbani."

Onyesho likaanza. Alitoka mzee mmoja wa opera ya Beijing, bendera nne mgongoni, akauvuta uzi wake mwembamba mpaka nikahisi jino langu la dhahabu linalegea. Wachina wa safu za mbele wakapiga "Hao!" mara moja, wakanyamaza. Watu wa Muhaisnah wakaona hilo ni jambo zuri, wakapiga "Hao!" kumi na mbili. Akatoka Bi Shen mwenyewe, bwana harusi, na mwalimu mmoja wa chekechea, bibi harusi, wakaliliana katika mikono ya majoho. Wanawake wetu wakauliza kuna nini. Nikawaeleza kwamba mama mkwe kaficha mahari. Badriya akalia kweli. Ya Guangdong ilikuja na saksafoni yake, Kuruthum akatikisa bega, nikamkanyaga kidole. Halafu yule wa Sichuan akabadili uso mara saba, si sita, na Teresiah akasimama juu ya kiti.

"Mzee! Leo hujadanganya!"

Bi Shen akanitupia jicho. Jicho lile lilishuka nyuzi kumi chini ya kiwango cha kiyoyozi.

Kisha jukwaa likabaki tupu, likaingia zeze, na muuza vigae mmoja kutoka Henan, ambako nako opera yao huenda kwa vibao, akakaa pembeni na vibao viwili vya mti. Tak. Tak. Akatoka Musa.

Akaanza kuimba. Na ilikuwa mbaya.

Haikuwa mbaya kwa kelele. Ilikuwa mbaya kwa adabu. Baadaye niliambiwa Bi Shen alimshika mkono nyuma ya pazia, akamwomba aimbe chini kidogo, kwa heshima ya wageni. Basi yule bwana aliyemtoa panya darini alisimama pale ananong'ona. Sauti inatoka, inatazama kushoto na kulia, inarudi ndani. Watu wa mbele walianza kusoma vijikaratasi vyao. Mmoja alipiga mwayo. Musa akauona ule mwayo, nikamwona anauona. Miaka kumi na tisa, na wimbo wa baba yake unamfia mdomoni.

"Baba Muna," Swafiya akaninong'oneza, "huyu ndiye Musa wa jikoni?"

"Ndiye."

"Mbona anaimba kama anaogopa kuamsha mtoto?"

"Wamemwambia ashushe."

"Nani kamwambia?" Hakungoja jibu. Nyinyi mnajua, mwimbaji wa taarabu akilegea, dawa yake moja: anapelekewa tuzo, fedha au kanga, anatunzwa mbele za watu, ajue kuna mtu anamtaka. Swafiya akapapasa ubavuni kutafuta begi lenye pesa. Begi liko kwa mlinzi. Akavua kanga yake mabegani, nyekundu, mpya. Jina la kanga ile nalijua lakini sitalisema hapa. Aliinunua baada ya kugombana na mimi.

"Mama Muna, kaa! Haifai! Tumeambiwa..."

"Tumeambiwa tujione nyumbani."

Akainuka. Akatembea katikati ya safu kwa mwendo wa taarabu, ule wa hatua moja mbele na nusu ya kufikiria, mkono juu, kanga inapepea. Ukumbi mzima ukageuza shingo. Bi Shen akasimama na kidhibiti cha pazia mkononi. Swafiya akapanda ngazi moja, mbili, tatu. Musa akamwona, sauti ikakatika kabisa. Zeze nalo likasita. Na mke wangu, Mungu ampe umri, akamzungushia kanga ile begani, akaivuta mpaka kiunoni, akafunga fundo, akamgonga kifuani kwa kidole.

"Haya sasa. Imba kama jikoni."

Bi Shen akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Pazia halikutikisika. Nasikia watu wanasema mota iliungua. Mimi sina la kusema, ila mtu aliyekaa na viyoyozi miaka thelathini na mitatu hutembea na fyuzi mfukoni kama wengine wanavyotembea na tende, na wakati mwingine zinakuwa nyingi kuliko alizotoka nazo nyumbani.

Musa alikuwa anaitazama ile kanga. Aliishika kwa vidole viwili, kama mtu anayepima unga. Machozi yakaichora rangi ya uso. Yule wa vigae akaelewa kabla yetu sote. Akainua vibao akavipiga, si tak tena, ni pa! pa! pa!, kama donge juu ya meza.

Musa akafungua kinywa.

Nitasema kidogo tu ili niaminike. Taa tatu zilizimika na mbili zilizokuwa mbovu zikawaka. Asumini za Badriya, zilizokwisha kunyauka, zilichanua upya. Dereva wetu wa Pemba aliamka akitoa shahada. Ile sauti haikupita masikioni, ilipita mbavuni, ilitoka kilima hiki ikaenda kilima cha pili, na kweli kule nyuma mtu akaijibu. Mzee na mkewe, wauza balbu, watu wa Shaanxi, miaka yote hiyo wamekaa kimya karibu na mlango kwa kuionea haya opera ya kwao. Walisimama wakilia na kupiga kelele, wakakivuta kitambaa chekundu cha meza ya chai, vikombe vikaruka, wakakimbilia jukwaani wakamvisha Musa bega la pili.

Baada ya hapo nani wa kuwazuia wanawake wa Unguja? Wakapanga mstari. Kanga kumi zikapanda. Mpaka wimbo unakwisha Musa alikuwa anaonekana macho tu. Na wa kwanza kupiga "Hao!" alikuwa yule mzee wa Beijing mwenye bendera mgongoni.

Nikamfuata Musa nyuma ya jukwaa, mimi na Swafiya, najiandaa na uongo wa kumwambia Bi Shen. Nikamkuta Bi Shen ameketi, Musa mbele yake anaeleza kwa Kichina, mkono juu ya kanga. Kisha akanieleza mimi.

"Kwetu, rafiki, mtu akiimba vizuri, watu wanaleta kitambaa chekundu, wanamvisha hapo hapo katikati ya wimbo. Baba alivishwa. Ile picha jikoni, siku ile. Mimi nilikuwa mdogo, baadaye nikaenda kupika. Sijapata kuvishwa." Akamgeukia Swafiya. "Dada, nani amekufundisha desturi yetu?"

"Yenu?" Swafiya akashika kiuno. "Hiyo yetu!"

Nami nimesimama hapo, miaka yote nimemfanya marehemu baba wa mtu bwana harusi na jemadari, kumbe alikuwa mwimbaji tu aliyeimba vizuri. Niliona haya kwa dakika nzima. Swafiya anasema nusu dakika.

Musa aliondoka Jumapili iliyofuata. Alitaka kuirudisha kanga, Swafiya akakataa. Akamwachia vibao viwili vya mti vya akiba ambavyo yule wa vigae alimzawadia. Sasa doti ile upande mmoja uko Karama, upande mwingine uko Xi'an, umetundikwa ukutani kando ya picha ya baba yake. Tumeuona kwenye simu, na wajukuu wawili chini yake wanapiga kelele kwa zamu.

Ningeishia hapo, lakini juzi Bi Shen alinipigia.

"Mister Mahfudh, nimefikiri sana. Mwaka ujao chama chetu tunataka kusafiri. Tunataka kwenda Zanzibar kukisalimia kile chama cha watu mia. Tutafika Ijumaa, baada ya Alasiri. Mkunazini, ndiyo?"

"Ndiyo, madam," nikasema. Mdomo ulitangulia tena.

Swafiya alisikia yote. Simu yangu inapaza sauti. Hakunigombeza. Alikwenda chumbani akarudi na vile vibao, akaniwekea mapajani. Akasimama katikati ya sebule, upande wake wa kanga begani, akakohoa kusafisha koo.

"Tuko wawili," akasema. "Bado tisini na wanane. Piga!"